Tupeane uzoefu: maneno ya Arthur C. Clarke yamekukuta wapi maishani?

Fundi wa Sinza
Wakuu, salaam. Nafunga madishi mwaka wa kumi na sita sasa, Sinza, Mwenge, Ubungo mpaka Mbezi. Miaka yote hiyo nilikuwa napanda paani, natega dishi, picha ikitokea nashuka kuchukua hela yangu. Halafu siku moja nikanunua kitabu chakavu cha mtumba pale Posta, nikakutana na huyu mwandishi wa hadithi za kisayansi, Mwingereza. Kumbe ndiye aliyeandika, Oktoba 1945, kwenye jarida la Wireless World, kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta, kimo cha kilomita 36,000 hivi, kitazunguka sambamba na dunia, na sisi huku chini tutakiona kama kimesimama palepale. Kwa hiyo nikikaza nati leo, dishi halina haja ya kugeuzwa kuifuata setilaiti. Na kwa kuwa Dar ni jirani wa ikweta, kuna madishi yetu yanatazama karibu na utosi, wakati Uingereza yanainama kusini. Kesho yake nilikaa juu ya paa la mteja nikatazama mbinguni mpaka mama mwenye nyumba akaniita, "Fundi, kuna tatizo huko?"

Neno lake ninalotembea nalo ni lile la kwamba teknolojia iliyopiga hatua ya kutosha huwezi kuitofautisha na uchawi. Karibuni, kila mtu na lake.

Binti Tabata
Fundi, hilo hilo. Ila kwetu uchawi si neno la kuchezea.

Mwaka 2008, M-Pesa ilipoingia nchini, kaka alimtumia bibi elfu ishirini kutoka Mwanza. Bibi alikuwa na genge la nyanya na vitunguu, na alishaibiwa sana, mwenyewe akisema ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta hela za watu. Tulipomsomea ujumbe akakaa kimya, kisha akasema hela isiyopita mkononi mwa mtu ina mwenyewe, na huyo mwenyewe ataifuata. Akakataa. Ikakaa kwenye simu wiki nzima, na sukari ndani imeisha.

Mama akamshika mkono hadi kwa wakala. Yule kijana alikuwa na adabu sana. Hakumcheka. Alimfungulia daftari: jina hili, namba hii, kiasi hiki, sahihi hapa. Bibi kusoma hakujua, lakini daftari la wadaiwa alilijua kuliko sisi sote, maana hata la gengeni alituandikisha sisi wajukuu kila jioni. Akalitazama, akauliza, "Na huko Mwanza mwenzako ameandika hivihivi?" Akajibiwa ndiyo, bibi. Akasema, "Basi nipe hela yangu."

Clarke nilimsoma baadaye, nikiwa chuo. Nilipofika kwenye sentensi ile nilifunga kitabu nikalia, kwa sababu bibi alikuwa ameshatutoka.

Mwalimu wa Temeke
Poleni na bibi. Mimi nafundisha fizikia kidato cha tatu na sentensi hii naiandika ubaoni kila Januari, ila natumia "mazingaombwe". Mtu wa mazingaombwe alikuja shuleni kwetu nikiwa mdogo, akatoa njiwa kwenye kofia, tukapiga makofi. Mchawi hapigiwi makofi.

Binti Tabata
Ndiyo maana libaki "uchawi", mwalimu. Bibi hakupiga makofi. Aliogopa.

Mwalimu wa Temeke
Umenishinda. Mwakani nitaandika uchawi.

Mtoto wa Gerezani
Langu ni lile la mwanzo katika kanuni tatu za Clarke: mwanasayansi mzee mwenye sifa akisema jambo linawezekana, karibu hakika yuko sahihi, akisema haliwezekani, yaelekea sana amekosea. Nimelelewa kwa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", kwa hiyo lilinikera. Baba ni mstaafu wa reli. Alijua injini za dizeli kwa mlio tu, na alisema treni ya umeme nchini hataiona yeye wala mimi. Juni 2024 safari za Dar hadi Morogoro zilipoanza nikamkatia tiketi. Alivaa suti ya harusi yangu. Tangu Pugu aliweka kiganja kwenye kioo akitafuta mtetemo. Tulipofika Morogoro akasema, "Nilikosea, mwanangu," na mimi nikasikia vibaya kuliko yeye. Sasa nimeelewa Clarke hakusema mzee asisikilizwe. Mzee akikuambia inawezekana, mbio shika.

Mkaazi wa Kigamboni
Nasoma kimya siku zote, leo niseme. Mguu wangu wa kushoto ulichukuliwa na polio utotoni. Clarke alihamia Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1956 kwa kupenda kuzamia, na uzeeni athari za polio zikamweka kwenye kiti cha magurudumu. Yeye ndiye aliyesema njia pekee ya kujua mipaka ya yanayowezekana ni kuivuka kidogo, uingie kwenye yasiyowezekana. Nilianza na maji ya magotini. Mwezi wa tatu nikafika shingoni. Jumapili maji yakijaa naogelea mpaka kwenye ngalawa za wavuvi na kurudi, na fimbo yangu huwa nimeiacha mchangani, mdogo wangu anailinda.