Fainali ya 2023: kwa nini North Central hawakusawazisha dhidi ya Cortland?

Swali

Wanajukwaa, habari zenu. Nimeanza kufuatilia mpira wa Kimarekani wa vyuo vidogo, yaani Daraja la Tatu, na fainali ya Desemba 2023 iliyochezwa Salem, Virginia, bado inanitatiza. Cortland, chuo cha umma cha jimbo la New York, waliwafunga mabingwa watetezi North Central wa Naperville, Illinois, kwa pointi 38 kwa 37. Ndani ya dakika mbili za mwisho North Central walipata tachidauni (kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa mpinzani, pointi sita) iliyowafikisha 37, na teke la kawaida la pointi moja lingetosha kusawazisha. Badala yake walijaribu kupata pointi mbili, yaani kuuvusha mpira mstari huo kwa mchezo mmoja kutoka yadi ya tatu, wakazuiwa, na taji likaenda. Timu iliyokuwa imeshinda michezo 29 mfululizo ilikuwa na haraka gani?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, ukizitazama kanuni za muda wa ziada utaona kwamba uamuzi ule haukuwa wa pupa. Katika mpira wa vyuo, kila timu hupewa mpira kwenye yadi ya 25 ya mpinzani. Tangu 2021, anayefunga tachidauni katika awamu ya pili hulazimika kujaribu pointi mbili, na kuanzia awamu ya tatu hakuna kingine isipokuwa majaribio hayo, kila timu kwa zamu yake. Kwa hiyo mchezo ule wa yadi tatu, ambao North Central waliucheza mapema, huenda ungewafikia tu baadaye, pengine wakiwa wamechoka zaidi. Walikuwa wametoka kufunga, walinzi wa Cortland walikuwa wanahema, na kocha akachagua kuumaliza ubingwa kwa mchezo mmoja ambao bila shaka ulikuwa umefanyiwa mazoezi. Mimi ningefanya hivyohivyo.

Jibu la pili

Naheshimu hoja hiyo, lakini naona tunawazungumzia zaidi walioshindwa. Wale walinzi wa Cortland walisimama kwenye yadi tatu, wakijua kwamba mpira ukivuka mstari watakuwa nyuma 39 kwa 38, na hawakuupitisha. Hapo ndipo msimu wao wote ulipojumlishwa.

Kumbukeni kwamba katika Daraja la Tatu hakuna chuo kinachoruhusiwa kumlipia mchezaji masomo kwa sababu ya kipaji chake cha michezo, kwa hiyo vijana hawa wanacheza bila malipo ya aina hiyo huku wakisoma kama wenzao wengine. Chini ya kocha Curt Fitzpatrick walicheza michezo 15, wakashinda 14. Mitano ya mwisho ilikuwa ya mtoano wa timu 32, ambako kipigo kimoja kingewarudisha nyumbani. Kwa watu wa Cortland kuna uzito mwingine: jirani zao Ithaca, wanaogombea nao mtungi wa Cortaca, zawadi ya mshindi wa mchezo wao wa kila mwaka, tangu 1959, walikuwa tayari na mataji matatu ya taifa, ya 1979, 1988 na 1991, wakati wao hawakuwa na hata moja. Uhasama huo si mdogo. Mwaka 2019 mchezo wao ulihamishiwa uwanja wa MetLife na kutazamwa na watu 45,161, umati ambao fainali za daraja hili haziuoni.

Jibu la tatu

Nakubaliana na jibu la pili kuhusu sifa za Cortland, ila nabaki na shaka juu ya uamuzi wenyewe. Hata kama North Central wangefanikiwa, Cortland wangerudishiwa mpira wakiwa na muda wa kusogea, na teke moja la pointi tatu lingewapa ubingwa. Kwa maana hiyo, jaribio lile halikuwa la kuumaliza mchezo bali la kupata uongozi wa pointi moja, na uongozi mwembamba kiasi hicho hauistahili hatari iliyokuwapo. Ningepiga teke, nikawaamini walinzi wangu.

Mwulizaji

Nawashukuru sana. Kanuni ya awamu ya pili sikuijua, na inanielemeza upande wa jibu la kwanza, kwa sababu baada ya teke la kusawazisha North Central wangewategemea walinzi walewale waliokwisha kuruhusu pointi 38.