Nimeitwa niikate ndege ya jeshi kwa gesi. Naomba msaada isikatwe

FundiBarani

Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Barani, Malindi. Juzi tajiri mmoja wa vyuma chakavu alinipigia simu: ana bodi ya alumini, nije na mitungi ya gesi niikate vipande vya kupimika kwenye mzani. Nimefika yadi, nakuta ni ndege. Ndege ya jeti ya kijeshi, imelala kifudifudi vumbini, mbawa zimefunguliwa zimeegemezwa ukutani, majani yamepanda hadi kwenye mkia.

Nilipanda nikachungulia ndani. Viti ni viwili, vimekaa ubavu kwa ubavu. Geji nyingi zimeng'olewa lakini usukani wa fimbo bado upo, na mpira wake umelika upande mmoja tu, pale kidole gumba kinapokaa. Nje, chini ya kioo, kuna pembetatu nyekundu ambayo maandishi yake yamefutika. Kwenye ncha za mbawa kuna matangi marefu, na ubavuni matundu mawili ya kuvuta hewa. Imepakwa kijivu kwa brashi. Kijivu kilipobanduka, chini yake kuna kijani na kahawia.

Sikuwasha gesi. Nimemwomba tajiri muda, akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Anataka bei ya alumini kwa kilo, basi. Asipopata mtu ataita fundi mwingine.

Nimekata matrekta, mabasi, hata boti, na ni riziki yangu. Hii moyo umekataa. Nataka isimame Malindi watoto waione kwa karibu. Je, ni ndege gani? Nimwendee nani? Na nikiipata, itakaa vipi na chumvi hii ya bahari?

Mstaafu_Shela

Waaleikum salaam, mwanangu. Nilikuwa fundi wa ndege jeshini, sasa niko Shela hapa hapa Malindi.

Kabla ya yote: usiwashe gesi wala grinda karibu na ndege hiyo, wala usimruhusu mtu akae kwenye vile viti. Pembetatu nyekundu ni onyo la viti vya kumrusha rubani nje. Nyuma ya kila kiti kuna mrija wa baruti, na baruti ya miaka hamsini inaweza kulipuka bado. Ukiona mpini wenye mistari ya njano na nyeusi, juu ya kiti au mbele yake katikati ya mapaja, usiuguse. Kifuniko cha kioo nacho kinaweza kuwa na baruti yake. Na geji zilizobaki usizifungue: geji za ndege nyingine za zamani zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi hatari, ili zing'ae gizani. Mwambie na tajiri, maana huyo fundi mwingine atakayeitwa hatajua.

Kwa maelezo yako, hiyo ni BAC Strikemaster, jeti nyepesi ya Waingereza ya mafunzo na mashambulizi, au Jet Provost ya mafunzo iliyoitangulia. Angalia chini ya matundu ya hewa. Strikemaster ina nafasi za bunduki mbili za milimita 7.62. Kama mitutu bado imo, nenda polisi kwanza. Kenya ilinunua Strikemaster 6 kutoka Uingereza, zikaja mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya jeti za kivita za Hawker Hunter na F-5. Kama hiyo ni mojawapo, sitasema hadi nione namba. Tafuta bati dogo la kiwandani lenye namba, ulipige picha. Bila namba, hakuna makumbusho yatakayokusikiliza.

Uzito usikutishe. Strikemaster tupu, pamoja na injini yake, haifiki tani 3, na urefu wake ni mita 10 na kidogo. Na mbawa zimeshafunguliwa, hiyo ndiyo kazi kubwa.

Niambie yadi iko wapi, nije.

KaraniKisumuNdogo

Fundi, usitoe shilingi kabla ya kuona karatasi. Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inamtaka muuzaji awe na leseni na aandike alikonunua mzigo. Mnakumbuka Januari 2022 biashara yote ilisimamishwa nchi nzima, ikafunguliwa Mei kwa masharti. Tangu hapo chuma kisicho na maelezo kinamtia mtu matatani haraka. Dai risiti ya mnada, upige nakala.

Makumbusho ya Taifa usiyategemee kuizuia ndege kisheria. Sheria ya makumbusho ya 2006 inalinda moja kwa moja vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuingia Kenya kabla ya 1895. Kitu cha juzi kama hiki hadi waziri akitangaze kwenye Gazeti la Serikali, na mwisho wa mwezi hausubiri. Lakini pita pale kwenye Nyumba ya Nguzo, jengo la makumbusho hapa Malindi, uwaandikie barua, ipigwe muhuri. Barua yenye muhuri humfanya tajiri naye afikirie mara mbili.

BintiMambrui

Kaka, nimesoma hii nikiwa kazini Uingereza, nikashindwa kunyamaza. Huku kuna ndege ya mabomu inaitwa Vulcan, namba XH558. Jeshi liliistaafisha 1993, familia moja yenye uwanja wa ndege ikainunua. Watu wakachangishana miaka na miaka, mfuko wa bahati nasibu ukatoa zaidi ya pauni milioni 2.7, na Oktoba 2007 ikaruka tena. Ikaruka hadi Oktoba 2015, halafu kampuni zilizokuwa zikithibitisha usalama wake zikajitoa, ikabaki chini. Ikawekwa uwanja wa Doncaster, na mwaka 2022 uwanja wenyewe ukafungwa! Mapenzi yote yale ya watu, na bado ndege ikabaki haina uhakika wa pa kukaa.

Ndiyo maana nakuomba: ardhi kwanza. Pata mahali ambapo mwenyewe hatabadilika kesho, na akubali kwa maandishi. Na wala usiwaze kuirusha. Isimame tu, iguswe.

Ramsa

Samahani, lakini kuna watoto hapa wanasoma chini ya mwembe. Hizo pesa za alumini si zingenunua madawati?

FundiBarani

Ndugu Ramsa, hilo ni neno la haki, na madawati nachomelea, wengine huku wanajua kwa bei gani. Lakini fikiria mji huu. Oktoba 1940 ndege za Waitaliano zilipiga mabomu Malindi hii. Kuanzia 1967 hadi 1988 setilaiti zilirushwa pale baharini Ngomeni, jukwaa la San Marco, na ile ya Uhuru ilipaa tarehe 12 Desemba 1970. Mambo haya yalipita juu ya vichwa vyetu. Mtoto wa hapa akitaka kuweka mkono kwenye chombo kinachoruka, aone riveti zilivyopangwa na waya wa usukani unavyopita, aende wapi? Mimi mwenyewe ningejifunza kazi nyingine kabisa kama ningeona kitu kama hiki nikiwa na miaka kumi.

Mzee wa Shela, nakusubiri. Na hiyo chumvi?

Mstaafu_Shela

Chumvi inakula zaidi pale chuma kinapogusana na alumini. Kwa hiyo stendi zako zisiguse bodi moja kwa moja, weka mpira mnene katikati. Matundu madogo ya chini ya kutolea maji usiyazibe hata moja. Matundu ya hewa na bomba la nyuma zibeni kwa wavu, ndege wa angani wasijenge. Osheni kwa maji matamu mara kwa mara, hasa kusi ikivuma. Na paa la mabati, juu sana, pande wazi. Makuti ni mazuri lakini popo watakaa, na kinyesi chao kinaharibu rangi.

FundiBarani

Taarifa. Mzee alikuja na tochi na kioo kidogo, akakagua taratibu huku sisi wote tumesimama mbali nje ya ukuta. Mirija ya viti ni mitupu, baruti ilitolewa zamani. Bunduki hakuna, nafasi zake zimezibwa kwa bati. Bati la namba tumelipata chini ya ile rangi ya kijivu, picha na barua nimezifikisha makumbusho, nakala ina muhuri. Mzee amethibitisha ni Strikemaster, historia yake anaifuatilia kwa wenzake wa zamani.

Tajiri ana risiti ya mnada, karani ameisoma. Chuo kimoja cha ufundi hapa mjini kimekubali kutoa sehemu nyuma ya karakana yao, na mkuu ameahidi barua kama alivyosema dada wa Mambrui. Stendi nachomelea mimi, bure, na mpira nimeshapata.

Kimebaki lori refu lenye kreni, na mchango wa kufikia bei ya kilo. Ndege itapimwa kwenye mzani Jumamosi asubuhi saa tatu, mbele ya mashahidi. Mwenye lori aniandikie humu, na anayeweza kuja kubeba mbawa aje na glavu, kingo zake ni kali.