Dola 600 za bunduki ya .22 hapa Texas: bolti au nusu-otomatiki?

Baba Rehema
Salaam ndugu zangu. Niko Texas, upande wa Houston. Msimu wa kindi kwenye kaunti za mashariki unafunguliwa tarehe 1 Oktoba, na nataka binti yangu wa miaka 14 aingie porini akiwa anajua kulenga. Mafunzo ya uwindaji ameshaanza. Nina dola 600 za bunduki peke yake, darubini ninayo. Kaliba, yaani ukubwa wa risasi, nimeshaamua: .22 LR, ile ndogo, kwa sababu risasi zake ni nafuu na haimpigi mtu bega. Dukani nimezishika mbili: CZ 457 ya bolti, ambayo kila risasi unaipakia kwa kuvuta bolti kwa mkono, na Ruger 10/22 ya nusu-otomatiki, inayojipakia yenyewe. Hiyo ya pili bei yake iko chini sana, chenji ingenunua risasi nyingi. Nataka kitu cha maana kitakachodumu. Mnanishauri nini?

Mlenga Shabaha
CZ, usihangaike tena. Inatoka Uherský Brod kule Cheki, watu ambao .22 wameitengeneza miaka mingi. Bolti unainyanyua nyuzi 60 tu, wakati ile 455 iliyotangulia ilikuwa 90, kwa hiyo mkono haugongani na darubini. Triga unairekebisha mwenyewe. Ukichoka na .22 LR unalegeza skrubu mbili, unatia mtutu wa .17 HMR, risasi nyembamba na ya kasi zaidi. Ukiipa risasi inayoipenda, yadi 50 matundu matano yanakaa ndani ya nusu inchi au karibu na hapo. Nusu-otomatiki kwa mtu anayeanza ni kosa. Anajifunza kumwaga risasi, halengi.

Mtanga wa Conroe
Kumwaga risasi? Kaka, maneno mengine uyapime. Mimi nimeanzia kwenye 10/22 na sijawahi kumwaga risasi popote. Bunduki hiyo ipo tangu 1964, imeuzwa kwa mamilioni, na kipuri chake unakipata hata kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Magazini inabeba risasi kumi, lakini hakuna sheria inayosema lazima uzijaze kumi. Tia moja. Mtoto apige, ashushe bunduki, mzungumze, utie nyingine. Nidhamu iko kwa anayefundisha.

Mlenga Shabaha
Kama unatia moja moja, nusu-otomatiki ya nini?

Mtanga wa Conroe
Ya siku atakapokuwa hahitaji tena kutia moja moja. Mtoto anakua.

Fundi Chuma
Naomba nitie neno la ufundi kabla hamjashikana mashati. Nusu-otomatiki ya .22 inajirudisha kwa nguvu ya risasi ileile. Ukiipa risasi dhaifu ya mwendo wa chini ya sauti, bolti hairudi mpaka mwisho, ganda linabanwa njiani. Bolti ya mkono haijali, unaweza kuilisha yoyote. Jambo la pili, na hili kwa mtoto ndilo kubwa: 10/22 ya kawaida, risasi ikiisha, bolti haibaki nyuma. Inafunga tu. Ukiitazama kwa nje huwezi kujua kama ndani kuna kitu au hakuna, mpaka uvute bolti uchungulie. Kwa mwanafunzi, mimi napendelea bunduki ambayo kila mara anapoipiga lazima aifungue kwa mkono wake na kulitoa ganda.

Mtanga wa Conroe
Bado nasubiri Mlenga Shabaha aniambie ni lini ameniona nikimwaga risasi.

Mama Kibibi
Mimi nasoma tu nashangaa. Dola mia sita za kupiga kindi. Kila Desemba simu hazikatiki kutoka nyumbani, karo, sare, dawa ya shinikizo la damu la bibi. Mnawajibu kuwa Marekani maisha magumu. Kumbe ugumu wenyewe ndio huu.

Baba Rehema
Mama Kibibi, nakuheshimu, lakini nyumbani kwangu hukujui. Natuma kila mwezi, na sikuja hapa kutoa hesabu ya familia yangu. Nimeuliza bunduki.

Mtanga wa Conroe
Hapa namuunga mkono Baba Rehema mia kwa mia. Mtu akinunua televisheni ya dola elfu moja na mia mbili hakuna anayemuuliza karo. Akinunua bunduki anaitwa mkatili.

Mama Kibibi
Sijamwita mtu mkatili. Nimesema karo.

Kijana wa Dar
Na hizo za kutuma zenyewe siku hizi serikali ya hapa inakata asilimia tano, kwa hiyo hata mwenye nia nzuri anaumizwa.

Fundi Chuma
Tano ilikuwa pendekezo la mwanzo. Iliyopitishwa ni asilimia moja, kuanzia Januari 2026, na inawahusu wanaolipa kwa pesa taslimu, hundi ya benki au moni oda. Ukituma kwa akaunti yako ya benki au kadi ya benki ya hapa haikugusi.

Kijana wa Dar
Ahsante fundi, sikuwa na habari kuwa kadi haiguswi. Shangazi yangu bado anapanga foleni na pesa mkononi, leo namwambia.

Mama Kibibi
Kwa hiyo pesa ipo, kisingizio cha kodi hakipo. Ndicho ninachosema.

Mlenga Shabaha
Mama, nisikilize kwa dakika moja. Kununua bunduki mbovu ndiyo hasara. Mtu ananunua ya dola mia mbili, haipigi inakolenga, anaiuza kwa mia, ananunua nyingine. Akihesabu mwisho wa mwaka amepita mia sita. Huyu baba anataka kununua mara moja tu. Huo ni uchumi.

Fundi Chuma
Ila bei ya chini haimaanishi mbovu, tusimdanganye. Savage Mark II ni ya bolti, triga yake inarekebishika, na iko chini ya CZ kwa pesa nyingi tu. Kitako chake cha plastiki hakina mvuto, na bolti yake haitelezi kama ya CZ. Lakini mtutu unalenga, na kwenye yadi 50 kindi hatauliza kitako. Akiongeza kidogo kuna Tikka T1x ya Finland, ambayo kwa maoni yangu bolti yake ni laini kuliko zote za bei hiyo. Sioni sababu ya shindano hili kuwa la bunduki mbili tu.

Kijana wa Dar
Si CZ ndiyo ilinunuliwa na Colt? Sasa si wataanza kuitengeneza Kimarekani?

Mlenga Shabaha
Kinyume chake. CZ ndiyo iliyoinunua Colt, mwaka 2021. Mcheki amemnunua Mmarekani.

Ndugu wa Kalemie
Nimenyamaza muda mrefu, nitasema sasa. Mimi nimekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Kabla ya hapo nimeona bunduki zikiingia kijijini kwetu, na sitaeleza zaidi. Nikifika kwa jirani hapa Dallas nikaona mtoto ameshika bunduki, hata hiyo mnayoiita ndogo, mwili wangu unaondoka. Mnazungumza nusu inchi, yadi 50, kitako. Hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo binti mwenyewe anataka nini.

Baba Rehema
Ndugu yangu, pole sana. Ninakusikia. Binti ndiye aliyeanza. Wenzake wa shule wanawinda na baba zao, aliniomba zaidi ya mara moja. Niliona ni afadhali ajifunze kwangu, kwa utaratibu, kuliko aishike kwa rafiki ambaye simjui baba yake.

Mama Kibibi
Hapo sasa umesema jambo la mzazi. Lakini mama yake anasemaje?

Mtanga wa Conroe
Mama Kibibi, mpaka ndani ya ndoa ya watu?

Mama Kibibi
Ndiyo, mpaka ndani ya ndoa, maana bunduki itakaa ndani ya nyumba ya ndoa. Wewe ulidhani italala wapi?

Kijana wa Dar
Swali la pembeni. Mimi nina viza ya mwanafunzi. Nimesikia wageni hatuwezi kununua kabisa, ni kosa.

Fundi Chuma
Mwenye viza ya muda kwa kawaida amezuiwa na sheria ya shirikisho, lakini mojawapo ya misamaha ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapa hapa Marekani. Mwenye grini kadi ananunua, anajaza fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununua bunduki, dukani kama raia, anaweka na namba yake ya uhamiaji. Umri wa bunduki ndefu kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 18. Ila jambo moja nawaomba mliweke kichwani: kwa sisi ambao si raia, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kukuondoa nchini. Raia atalipa faini arudi kwake. Wewe utapandishwa ndege. Kabla hujasaini fomu yoyote, muulize wakili wa uhamiaji, siyo sisi.

Ndugu wa Kalemie
Na mnaona hilo ni jambo dogo? Familia nzima kurudishwa kwa sababu ya kindi?

Mlenga Shabaha
Hakuna anayerudishwa kwa kuwinda kihalali, ndugu. Fundi anazungumzia kuvunja sheria. Tusitiane hofu.

Ndugu wa Kalemie
Usiniambie mimi habari ya hofu, kaka.

Mlenga Shabaha
Sikukusudia hivyo. Niwie radhi.

Fundi Chuma
Sheria ya Texas nayo ina kifungu cha kumwachia mtoto silaha. Mtoto kwa sheria hiyo ni mwenye umri chini ya miaka 17. Ukiiacha bunduki yenye risasi mahali anapoweza kuifikia, akaifikia, kosa ni lako wewe mzazi. Akiwa anawinda au analenga shabaha na wewe uko naye, hapo sawa. Kwa hiyo katika zile 600, mimi ningetenga za kabati la chuma lenye kufuli. Risasi zikae pengine, nazo zimefungwa.

Mtanga wa Conroe
Kabati nalo linakula pesa. Ndiyo maana nasema anunue ya nafuu. Ruger, kabati na katoni ya risasi, vyote ndani ya bajeti. Hoja yangu imeshinda bila hata kuipigania.

Mlenga Shabaha
Haijashinda. Achukue Savage, atapata bolti na kabati vyote viwili. Na suala la bolti kutobaki nyuma bado hujalijibu hata kwa neno moja.

Mtanga wa Conroe
Kuna kipuri cha kubadilisha hilo. Na wewe bado hujajibu la kumwaga risasi.

Mama Kibibi
Kwani hiyo ndogo inaua mtu? Nilidhani ni ya kindi.

Fundi Chuma
Inaua, mama. Risasi yake ina gramu mbili na nusu hivi, lakini kwenye maboksi kuna onyo kuwa ni hatari hadi maili moja na nusu. Tena kwa kuwa ni risasi ya taratibu, haivunjikivunjiki ikigonga kitu, inadunda. Ikigonga maji au jiwe bapa inaweza kuelekea usikotarajia. Kindi yuko juu ya mti, maana yake mtutu unaelekezwa angani. Mimi kwa kindi wa juu namfundisha mtoto asipige mpaka nyuma ya kindi kuna shina nene. Kama nyuma yake kuna mbingu, amwache aende. Hilo lina uzito kuliko jina lililochorwa kwenye mtutu.

Mama Kibibi
Sasa wewe ndiye unayeongea.

Baba Rehema
Fundi, hilo la shina nitalichukua kama lilivyo. Na risasi zenyewe? Wengine wananiambia ninunue za kasi.

Fundi Chuma
Hizi za .22 ni rimfaya, risasi zinazowashwa kwenye ukingo, na zina tabia yake. Fataki, ile ya kuwashia baruti, imemwagwa ndani ya ukingo wa ganda, pini inabonyeza ukingo ili iwake. Kwa hiyo ukingo lazima uwe laini, na ganda haliwezi kustahimili shinikizo kubwa, wala hulijazi upya nyumbani. Pia rimfaya hukosa kuwaka mara nyingi kuliko risasi zenye fataki katikati, na hapa mtoto afundishwe mapema: ikigoma, mtutu ubaki shabahani, asubiri nusu dakika, ndipo afungue. Kuhusu kasi: za futi 1,200 na zaidi kwa sekunde zinatoka juu ya mwendo wa sauti, kisha zinashuka chini ya mwendo huo kabla ya yadi 100, na hapo zinayumba. Za futi 1,070 hivi, kama CCI Standard, ziko chini ya sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Kelele ndogo, matundu yanakaribiana. Ukizilenga sawa kwa yadi 50, kwa yadi 100 zitashuka inchi sita au saba, lakini kindi hampigwi yadi 100. Nunua boksi moja moja la aina nne au tano, piga kila moja kwenye karatasi, uone mtutu wako unapenda ipi. Bunduki mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti.

Mtanga wa Conroe
Kwa rekodi, CCI Standard inazungusha 10/22 yangu vizuri kabisa.

Fundi Chuma
Sikukatai. Nilisema dhaifu. Hiyo inakaa mpakani, bunduki nyingi zinaipokea.

Kijana wa Dar
Na akitaka kupiga kulungu?

Mlenga Shabaha
Marufuku. Texas hairuhusu rimfaya ya kaliba yoyote kwa kulungu, na hata ingeruhusu ingekuwa kumtesa mnyama. Kindi na sungura tu. Sungura hana msimu wa kufungwa hapa, lakini leseni lazima.

Ndugu wa Kalemie
Baba Rehema, naomba nikuombe jambo kama ndugu. Siku ya kwanza ya kumpeleka binti, usimpe risasi. Abebe tu bunduki tupu siku nzima, ajue uzito wake na ajue mtutu unaelekea wapi kila saa. Mimi sitashika, lakini watoto wangu nao wameanza kuuliza, na sijui nitawajibu nini.

Baba Rehema
Nitafanya hivyo. Na ukitaka, siku hiyo waje na watoto wako, wasimame mbali watazame. Wasiguse kitu. Wewe utakaa nao.

Ndugu wa Kalemie
Acha nizungumze na mama yao.

Mama Kibibi
Huyo ameelewa. Baba Rehema, na wewe hujanijibu.

Baba Rehema
Mama yake amekubali kwa sharti kwamba ufunguo wa kabati ukae kwake. Kwa hiyo kabati linanunuliwa kwanza, na Jumamosi naenda kuishika hiyo Savage. Mwenye uzoefu wa triga yake kwa mkono mdogo wa msichana aniambie.

Mtanga wa Conroe
Nenda umshikishe na 10/22 palepale. Mkono ni wake, achague mwenyewe.

Mlenga Shabaha
Na CZ pia. Usimnyime kuishika.