Mashine ya santuri ya daraja la juu: ya mkanda au ya mota moja kwa moja?

Santuri33: Wakuu, naomba ushauri. Nataka mashine ya kukaa nayo miaka 20. Nimebaki na mbili: moja ya mkanda (mota inazungusha sahani, pale santuri inapokaa, kwa mkanda), fremu yake inaning'inia kwenye springi, nyingine ni Technics SL-1200G, mota inazungusha sahani moja kwa moja. Chumba kiko ghorofani, sakafu ya mbao. Amplifaya ina tundu la fono (la kuchomeka mashine ya santuri) la MM tu, yaani la katriji ya sumaku inayosogea, ila katriji (kichwa chenye sindano) ninayoitaka ni MC, ya koili inayosogea, inayotoa milivolti 0.3. Nitazame nini kwanza: uzito wa sahani, mkono unaobeba katriji, au mota?

Pimamaji: Anza na sakafu, mkuu. Fremu ya springi hucheza yenyewe kwenye hezi (mitikisiko kwa sekunde) 3 hadi 5 hivi, na mtu akitembea juu ya mbao mtikisiko wake huangukia humo humo. Ukipita karibu, sindano inaruka. Dawa yake ni rafu ya ukutani, ukuta wenyewe uwe wa tofali au zege. Kama huwezi kutoboa ukuta, chukua SL-1200G.

Usiogopeshwe na maneno ya zamani kuhusu mota ya moja kwa moja. Lawama ilikuwa kwamba kiini cha chuma huifanya mota izunguke kwa vishtuo vidogo vidogo. SL-1200G, iliyotoka 2016, mota yake haina kiini hicho. Uzito wa sahani mimi ningeutazama mwisho kabisa.

MkonoMwepesi: Naungana na Pimamaji kuhusu sakafu, lakini kinachoharibu mashine nyingi za bei kubwa ni mkono na katriji visivyoendana. Piga hesabu kabla ya kulipa. Chukua uzito tendaji wa mkono (ule sindano inaousukuma, si wa kwenye mizani), ongeza katriji na skrubu zake. Zidisha kwa kompliansi, yaani jinsi sindano inavyonesa. Tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 159 kwa jibu hilo. Unatakiwa upate hezi 8 hadi 12.

Mfano: mkono gramu 12, katriji 8, skrubu 1, jumla 21. Kompliansi 12: unapata hezi 10, safi kabisa. Weka katriji ya kompliansi 30 kwenye mkono huo huo, unashuka hadi 6.3. Hapo kila santuri iliyopinda kidogo itaipigisha mbizi sindano, na koni za spika utaziona zinapwita bila sauti yoyote kutoka. Angalia pia kompliansi imepimwa kwa hezi ngapi. Katriji nyingi za Japani hupimwa kwa hezi 100. Kwa hesabu hii zidisha namba hiyo kwa 1.5 hadi 2.

Dukani, shika ncha ya mkono kwa vidole viwili uutikise taratibu sana. Ukisikia mchezo wowote kwenye bearingi, hata kama ni mdogo kama unywele, iache.

Ohmu100: Kuhusu fono: MM ya kawaida hutoa milivolti 3 hadi 5, kwa hiyo tundu lako hukuza desibeli 40 hivi. Milivolti 0.3 inahitaji karibu 60. Ukiichomeka hivyo hivyo utafungua sauti hadi mwisho na utakachosikia zaidi ni mvumo. Tenga fungu la transfoma ya MC au amplifaya ya fono ya pembeni kabla hujachagua mashine. Mzigo, yaani ukinzani ambao katriji inaukuta kwenye amplifaya ya fono, uwe angalau mara 10 ya ukinzani wa koili ya katriji: koili ya ohmu 10, weka ohmu 100. Na waya wa ethi wa mkono usiusahau.

Santuri33: Asanteni sana. Rafu ya ukutani haiwezekani, basi ni SL-1200G. La mwisho: noti ndefu za piano zikiyumba, nitajuaje kosa ni la mashine?

Pimamaji: Tumia saa. Kwa mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Sauti ikipanda na kushuka mara moja kila sekunde 1.8, na mkono unaenda kulia na kushoto kwa mwendo huo huo, tundu la santuri halikutobolewa katikati. Mashine haina kosa. Jaribu santuri nyingine tatu. Zote zikiyumba, irudishe dukani ndani ya muda wa dhamana.