Nova Friburgo, mji wa Waswisi kwenye milima ya Brazil: nipande au niache?

Mgeni_Rio
Habari zenu wakuu. Niko Rio kikazi tangu Machi, mwezi wa nane narudi Dar. Wenzangu kazini wamenishikia bango nisiondoke bila kufika Nova Friburgo, wanaiita "Uswisi ya Brazil". Nina Jumamosi na Jumapili tu. Waswisi walifikaje kwenye milima hii? Na kuna cha kuona, au ni nyumba za kupigia picha? Aliyewahi kufika anisaidie.

Mzee_Ramani
Njaa ndiyo iliyowaleta, kijana. Volkano ya Tambora, Indonesia, ililipuka mwaka 1815, na mwaka uliofuata Ulaya haikupata joto la kuivisha mazao. Mwaka 1818 João VI, mfalme wa Ureno, ambaye wakati huo makao yake yalikuwa Rio, alikubali kupokea Wakatoliki kutoka jimbo la Fribourg. Jina la mji limetoka huko.

Mama_Cherehani
Mdogo wangu, mimi ni wa Tanga, nimeolewa hapa na ninaishi hapa tangu 2009. Njoo.

Basi la kutoka stendi ya Novo Rio linachukua kama saa tatu. Ukishapita Cachoeiras de Macacu barabara inaanza kupanda, masikio yanaziba, ukungu unaingia dirishani. Njia hiyo Waswisi waliipanda wakiwa hoi. Waliondoka kwao mwaka 1819 wakiwa kama 2,000, wakakwama Uholanzi kwenye mabwawa wakisubiri meli, homa ikawaingia huko huko. Zaidi ya 300 hawakufika. Meli moja tu, Urania, ilizika baharini watu zaidi ya 100.

Huku juu walikuta nyumba 100. Hazikutosha kila familia, basi wasiojuana wakawekwa chini ya paa moja na kuandikwa kuwa ni familia. Mimi niliyeingia nyumba ya wakwe bila kujua Kireno, hilo huwa nalifikiria sana.

Mashamba waliyopewa mengi yalikuwa miteremko na mawe. Waliochoka wakahamia upande wa Cantagalo kulima kahawa, na huko baadhi yao wakanunua watumwa. Miaka hiyo miongoni mwa watumwa walioshushwa Rio walikuwemo waliopakiwa Quelimane, Msumbiji. Mtu wa pwani yetu hawezi kusoma habari hiyo akaipita tu. Kwenye kadi za watalii haimo, na inaniuma kwamba haimo.

Wajerumani walifika Mei 1824. Hao walikuwa Walutheri, walikuja na mchungaji wao, na usharika wao upo mpaka leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani ndio waliofungua viwanda vya lesi na nyuzi.

Sasa nenda Ponte da Saudade ukaone maduka ya nguo za ndani, moja baada ya jingine. Mama mkwe wangu alishona sidiria kiwandani. Miaka ya 1980 wakapunguzwa. Akanunua cherehani, akaiweka barazani. Wanawake wengi walifanya vivyo hivyo, na sasa mji unakula kwa kazi hiyo. Cherehani yake ndiyo ninayoungia lastiki hivi sasa.

Mgeni_Rio
Shikamoo mama, asante sana. Kuna mtu kaniambia milima huko huporomoka. Ni kweli?

Mama_Cherehani
Marahaba mwanangu. Ni kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 2011 mvua haikupumua. Mlima wetu ulikaa, wa ng'ambo ya barabara ukashuka. Tulisikia mngurumo, umeme ukakatika, halafu kimya, halafu watu wakaanza kuita majina. Hapa mjini walikufa zaidi ya 400, ukanda mzima wa milima zaidi ya 900. Praça do Suspiro utaona kanisa dogo la Santo Antônio. Tope liliingia mpaka ndani, wakalitengeneza upya. Simama hapo kidogo, hata kama huna la kusema.

Ila mvua hizo ni za Desemba mpaka Machi. Wewe njoo Julai, kukavu, mlima Caledônia unaonekana wote.

Mzee_Ramani
Abebe sweta?

Mama_Cherehani
Sweta na soksi nzito, usiku ni baridi ya Lushoto na zaidi. Jumamosi nafunga kazi saa saba mchana. Ukifika stendi nitumie ujumbe, nitakuja na mume wangu kukupokea. Wali wa nazi utaukuta.