Tupeane uzoefu: bibi zetu waliofiwa na watoto vita vya Kagera

Mjukuu wa Wete: Assalaam alaykum. Ikifika Julai 25, Siku ya Mashujaa, kwetu redio huzimwa. Bibi alitoa watoto wawili kwenda vita hivyo vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, mwishoni mwa 1978. Kampala ilipochukuliwa, Aprili 11, 1979, mtaa mzima ulipiga vigelegele, na yeye akapiga. Habari ya mkubwa ikaja baadae. Ya mdogo haijaja hata leo. Wenye wazee kama huyu mnaishi nao vipi?

Ukhty Mkunazini: Hapo kwenye vigelegele nimelia. Wa kwetu ndivyo hivyo hivyo.

Wa Kwahani: Msomeeni huyo mdogo khitma ya marehemu, yaishe. Miaka yote hiyo!

Mjukuu wa Wete: Ilisomwa. Hakukaa jamvini. Alisema, "Khitma ya nani? Maiti mmemuona?"

Abuu Twalha: Khitma haina dalili. Swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, ilitosha.

Mtoto wa Konde: Sheikh, wazee wetu Mashafii wamesoma khitma kabla hujazaliwa. Hapa tunazungumza mama, bidaa kafungulie mada yake.

Binti Chake: Niacheni niseme la kwetu. Bibi alifiwa na mwanawe mkubwa vita hivyo hivyo. Mjomba wangu, kitindamimba, alipokuwa kijana akaomba kujiunga JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi la huku Zanzibar, akakubaliwa. Barua aliletewa bibi mkononi. Kusoma hajui, lakini muhuri aliutambua, maana mkubwa naye aliitwa kwa barua yenye muhuri. Akaisokomeza ndani ya gunia la karafuu, gunia likenda kituoni likauzwa. Mjomba akingoja tu. Siku ya kuripoti ikapita, wenziwe wakaondoka. Alipokuja kujua alihamia Unguja, hata Idi haji. Bibi alipozidiwa ndipo akaja. Akamwambia, "Nimekunyima kazi, lakini nakuona." Mjomba hakujibu. Akatoka nje akalia mpaka majirani wakaja.

Wa Kwahani: Lakini JKU wanalima, hawapelekwi vitani! Kamharibia mtoto riziki bure.

Ukhty Mkunazini: Wewe umezaa? Kwake yeye magwanda ni magwanda.

Wa Kwahani: Sijamtukana mtu. Mjomba naye ana haki yake.

Binti Chake: Anayo. Ila ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mama yake.

Mtoto wa Konde: Mjukuu, mpelekeni Kaboya, Muleba. Makaburi ya askari wa vita ile yapo, akaombe dua pale.

Ukhty Mkunazini: Msimpeleke! Akimkosa yule mdogo je, mtarudi naye vipi?

Nassor wa Mkoani: Kaburi nalo halimalizi. Wale askari wetu 14 wa kulinda amani waliouawa Semuliki, Kongo, Desemba 7, 2017, wamo wa huku visiwani. Miili ililetwa, ikazikwa. Nendeni kwa mama zao mkawaulize kama yamekwisha.

Abuu Twalha: Allah awarehemu wote. Mkaeni naye, mumsikilize akiwataja.

Mjukuu wa Wete: Amin. Hili la Kaboya nitamuuliza mwenyewe. Kwetu hakuna aliyewahi kumuuliza anataka nini.