Njaa ya usiku inanishinda, mnafanyaje?

Wakuu, nataka kushuka kilo, ugali nimepunguza nusu na sukari nimeacha, mchana niko sawa ila ikifika saa nne usiku njaa inauma mpaka usingizi unakata. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana. Usipunguze maharage, mayai na dagaa, protini na nyuzinyuzi ndo zinakaa tumboni. Punguza mafuta ya kupikia, kijiko kimoja kikubwa ni kama kalori 120 na hakishibishi.

Jibu: Asubuhi unakula nini? Mi nilikua nashindia chai kavu, usiku ndo nalipa, nikaanza mayai mawili asubuhi na mchicha sahani nzima jioni, njaa ikatulia. Na lala mapema, usingizi mdogo unaongeza njaa.

Muulizaji: Kweli asubuhi ni chai tu! Kesho naanza na mayai, asanteni.